Rafu ya Pili, Tundu la Saba

Upepo wa Punta Arenas siku ile ulikuwa wa kamba:
manispaa walizifunga nguzo kwa nguzo
ili wazee wasipeperushwe mbele ya benki.
Anselmo hakushika kamba. Alishika mkanda wa koti langu,
akahesabu nguzo hadi zahanati, kumi na tisa,
na ya ishirini, iliyoanguka mwezi Mei, akaihesabu pia.

Muuguzi Yerka alishajua. Alizima redio,
akaufunga mkono kwa kitambaa,
si kwa ule mkanda unaobanduka kwa sauti ya turubai kuchanika.
"Vijiko viwili tu vya chai," akasema.
Mwanangu hakulia. Aliitazama damu ikiingia kichupani
kama mtu anayemtazama mpangaji akihama na kitanda kisicho chake.

Kikabandikwa lebo. Kikalazwa kwenye barafu.
Kikapanda ndege ya saa nane kwenda Santiago,
na mwanangu, miaka sita, hajawahi kupanda ndege,
akasimama dirishani hadi giza.

Husemwa damu ni nzito kuliko maji.
Kule huzitenganisha. Huizungusha kwa kasi
mpaka nyekundu itulie chini, imetubu,
na juu ubaki umajimaji wa rangi ya majani makavu;
na humo, daktari Iturra alinieleza kwa simu,
mna protini kwa mamia:
nyingine huzima moto, nyingine huuchochea,
nyingine hubeba mizigo tu, hazina neno na mtu.
Wanazitafuta chache, tisa au kumi,
ambazo kwa watoto wenye usonji huenda zimepanda, huenda zimeshuka.
Huenda. Alilitamka mara nne.

Mimi ni mtu wa mizani. Mwaka wa kumi na nne huu
napima kaa wekundu kiwandani; gramu ni gramu,
na mguu uliovunjika huenda sanduku lake.
Nilitaka namba.
Mama mkwe anasema ni baridi niliyotembea nayo na mimba.
Mwalimu anasema ni televisheni.
Mume wangu hasemi; anatengeneza baiskeli ambayo haijaharibika.
Nilitaka karatasi ya kuwafumba midomo,
iseme: ni protini, nendeni zenu.

Barua ilikuja Agosti. Ilishukuru.
Ilisema utafiti hautoi majibu ya mtoto mmoja mmoja,
kwamba wakipangwa watoto mia tatu mstari huonekana,
ukimtoa mmoja, peke yake, huuoni.
Niliisoma nimesimama, theluji ya viatu ikiyeyuka zuliani.

Anselmo, ambaye maneno yake ya siku nzima
yanaenea kiganjani,
akaweka kidole kwenye mkunjo wa kiwiko.
"Damu yangu iko wapi?"

Kila kitu chake kina mahali:
kijiko cha bluu, vifuniko arobaini na kimoja, soksi ya kushoto.
Wiki saba alikuwa amekaa
na kitu kimoja hakijarudi.

Nikawaandikia. Kwa aibu, lakini nikaandika.
Sikuuliza imepanda au imeshuka.
Siku ya tatu akajibu Hortensia Poblete,
fundi wa maabara, bila salamu za kiofisi:

Jokofu la nne, nyuzi themanini chini ya sifuri.
Rafu ya pili. Sanduku la thelathini na moja.
Mstari C, tundu la saba.
Nimekwenda mwenyewe kuangalia. Ipo.

Nikamsomea. Akataka tena. Mara sita.
Kisha akachora matundu, akalijaza moja,
akabandika karatasi kwenye mlango wa jokofu letu.

Jumapili mama mkwe akaja, akauliza majibu.
Nikamwonyesha mlango. Akavaa miwani.
"Hii nini?"
"C saba," akasema Anselmo kutoka chini ya meza.
Na bibi yake, asiyekosa la kusema,
akanyamaza kidogo, akainama,
akamuuliza kama huko hakuna baridi.